Tiki kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na walezi

Mwanangu anapepesa macho bila kukoma tangu mwezi uliopita. Je, macho yake yana ugonjwa?

Huenda yana ugonjwa, na ndiyo maana macho hupimwa kwanza. Aleji ya macho imeenea sana miongoni mwa watoto wa Afrika Mashariki, hasa msimu wa vumbi, na dalili zake hazijifichi: macho huwasha, huwa mekundu, hutoa machozi au utelezi wa nyuzinyuzi, na mtoto huyafikicha kwa viganja. Lakini ikiwa macho ni meupe, hayawashi, mtoto anasoma ubaoni bila shida, na bado huyafumba kwa nguvu mara tatu au nne, akatulia dakika chache, kisha akarudia vilevile, basi uwezekano ni mkubwa kwamba anachokifanya ni kile ambacho madaktari hukiita tiki, neno ambalo halina uhusiano wowote na alama ya vema anayoiweka mwalimu katika daftari. Kupepesa macho ndiko kunakotangulia kwa watoto wengi wenye hali hii, na si ajabu familia ikawa imemaliza chupa tatu za dawa ya matone na kununua miwani isiyohitajika kabla ya kulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Tiki ni nini hasa?

Ni mjongeo wa kiungo au sauti inayomtoka mtu ghafla na kwa haraka, ikajirudia kwa namna ileile lakini bila mapigo yanayolingana, huku mwenyewe akiwa hakukusudia kuifanya. Tiki za viungo ni kama kufumba macho, kukunja pua, kupinda mdomo, kurusha kichwa upande, kupandisha bega au kukaza misuli ya tumbo. Tiki za sauti ni kama kusafisha koo, kuvuta pua pasipo mafua, kuguna, kukohoa kikohozi kikavu au kutoa mlio mfupi mkali. Ziko pia tiki zenye mfuatano mrefu zaidi, ambazo mtu asiyezijua hudhani ni makusudi: kugusa kila nguzo anayoipita, kuruka kila baada ya hatua kadhaa, kunusa vidole, au kurudia neno la mwisho la mtu aliyekuwa akizungumza.

Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 4 na 6, na wavulana huzipata mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana. Jambo linalowachanganya wazazi kuliko yote ni kwamba tiki hazikai mahali pamoja. Mwezi huu ni macho. Mwezi ujao macho yametulia na shingo imeanza. Kisha wiki tatu zinapita bila kitu, familia inashukuru, na shule inapofunguliwa koo linaanza. Huongezeka mtoto anapochoka na anapokuwa na hofu, na vilevile anapokuwa na furaha kubwa, kwa mfano usiku wa kuamkia sikukuu. Hupungua anapozama katika jambo analolipenda, na usingizini hupungua sana.

Kama hakusudii, mbona hujizuia mbele ya babu yake?

Hili ndilo swali linalowatia watoto viboko, kwa hiyo linastahili jibu refu. Mtu aliyesimama katika gwaride akatuliwa na mbu nyuma ya sikio anaweza kuvumilia asijikune. Ataweza dakika moja, pengine tano, hasa ikiwa mkuu wa kikosi anamtazama. Lakini kuvumilia kwake hakuthibitishi kwamba mwasho ule aliutaka mwenyewe. Watoto wengi wenye tiki, hasa wakishafikisha miaka minane hadi kumi na kuweza kujieleza, husimulia kwamba kabla ya tiki huhisi kitu palepale inapotokea: mkazo, mwasho, joto, au hali ya kutotulia ambayo huondoka kwa muda mfupi tu baada ya tiki kutoka, kisha hujijenga upya. Mdogo zaidi ya hapo huenda asihisi lolote, au ahisi na akose maneno ya kulieleza.

Kujizuia, basi, kunawezekana, ila kuna gharama. Mfikirie mtoto wa darasa la tatu anayeandika imla huku akijizuia asivute pua, kwa sababu jana darasa zima lilimcheka. Mwalimu anasoma sentensi. Mtoto anasikia neno la kwanza, anashindana na pua yake, anasikia neno la tano, na daftari linarudi likiwa na mapengo ambayo mzazi atayaita uzembe. Hakuna aliyeona tiki siku hiyo, na kila mtu ataamini kwamba “ameacha tabia yake”.

Wazazi wengi huona pia kwamba mtoto akirudi nyumbani jioni tiki humiminika. Tafiti zilizopima jambo hili kwa muda mfupi hazikukuta kwamba tiki zilizozuiwa hulipiza baadaye kwa wingi kuliko kawaida. Kinachoonekana sebuleni huenda ni uchovu wa siku nzima, pamoja na kwamba nyumbani mtoto hana haja ya kujificha. Mzazi asilichukulie hilo kuwa dharau kwake.

Je, huenda amerogwa, au ana majini?

Tiki hutokana na jinsi ubongo unavyofanya kazi. Ndani kabisa ya ubongo kuna mafungu ya seli yanayochuja mijongeo, yakiruhusu ile inayotakiwa na kuizuia isiyotakiwa, yakishirikiana na gamba la mbele la ubongo kwa kutumia kemikali mbalimbali, ikiwamo dopamini. Kwa mtoto mwenye tiki uchujaji huo hulegea, na vipande vya mijongeo ambavyo vingezuiwa hupenya. Urithi una nafasi kubwa, ingawa hakuna jeni moja inayobeba lawama yote. Ukimuuliza bibi kwa utaratibu, mara nyingi atakumbuka kwamba hata baba wa mtoto alikuwa “na kamchezo ka kukunja shingo” alipokuwa mdogo, akapigwa, na kakaisha. Kaliisha kwa sababu tiki za wengi hufifia umri unapopanda.

Ni muhimu kuelewa kwa nini tiba za kienyeji, maombi, dawa za minyoo na hata viboko huonekana kufanya kazi. Familia haiendi kwa mganga tiki zinapokuwa chache. Inakwenda zilipofikia kilele. Baada ya kilele, tiki hushuka zenyewe, na aliyekuwa karibu wakati zinashuka ndiye anayepewa sifa, pamoja na kuku. Zikirudi miezi miwili baadaye, kinachosemwa ni kwamba masharti hayakufuatwa. Kumwombea mtoto hakuna madhara kwa tiki zake, na familia nyingi hupata nguvu humo. Madhara yapo pale mtoto anapofungwa, kufukizwa, kunyimwa chakula au kuambiwa mbele ya watu kwamba ndani yake mna kitu kibaya.

Tumeshauriwa akatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Tufanye hivyo?

Hapana. Kukata kimeo hakutibu tiki, na hakutibu kikohozi cha aina nyingine pia. Kunakofanyika kienyeji, watoto wamepata damu nyingi, maambukizi makali ya koo, na wapo waliopoteza maisha. Kikohozi kinachodumu kichunguzwe hospitali ili pumu, kifua kikuu na sababu nyingine ziondolewe kwanza. Kikohozi cha tiki hujitambulisha kwa njia rahisi: ni kikavu, kina mlio uleule kila mara, hakimwamshi mtoto usiku, na hunyamaza anapozama katika mchezo.

Ugonjwa wa Tourette ni nini, na je, mwanangu anao?

Madaktari huzipanga tiki kwa aina na muda. Ikiwa hazijatimiza mwaka mmoja tangu zilipoanza, huitwa tiki za muda, nazo ni za kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwani inakadiriwa kwamba hadi mtoto mmoja kati ya watano wa umri wa shule hupitia kipindi cha namna hiyo. Zikizidi mwaka zikiwa za viungo peke yake, au za sauti peke yake, huitwa tiki sugu. Mtoto akiwa amepata tiki za viungo zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, hata kama hazikutokea pamoja, zikaanza kabla ya umri wa miaka 18 na zikapita mwaka, hali hiyo huitwa ugonjwa wa Tourette. Makadirio mengi huuweka kati ya watoto 3 na 9 kwa kila 1,000 wa umri wa shule. Jina linatokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885, akiwa katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliandika habari za wagonjwa tisa.

Jina hilo huwatisha wazazi kuliko linavyostahili, kwa kuwa wengi wamewahi kuona filamu inayomwonyesha mgonjwa akitukana matusi mazito barabarani. Matusi yasiyozuilika yapo, lakini huwapata takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya wenye Tourette, na si sharti la kuutambua ugonjwa. Mashabiki wa ligi ya Uingereza huenda walimtazama mwenye Tourette kwa miaka zaidi ya kumi bila kujua: Tim Howard, kipa Mmarekani aliyedakia Manchester United na baadaye Everton, aligundulika kuwa nao akiwa mtoto wa miaka kama kumi.

Hali gani nyingine hufanana na tiki, na nitazitofautishaje?

Hapa mzazi anahitaji kuwa makini, kwa maana katika ukanda wetu baadhi ya hali hizo ni za hatari kuliko tiki zenyewe.

Ya kwanza ni kifafa. Kuna kifafa kisichoangusha mtu: mtoto hunyamaza katikati ya sentensi, macho yakatazama mbali au yakapepesa kidogo, na baada ya sekunde chache akaendelea bila kujua kwamba alipotea. Mtoto mwenye tiki hapotei. Ukimuita jina katikati ya tiki ataitika. Kando ya kifafa hicho kuna ugonjwa wa kusinzia kichwa, ambao daktari Louise Jilek-Aall aliushuhudia Mahenge, mkoani Morogoro, tangu miaka ya 1960, na ambao baadaye ulionekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, maeneo yenye usubi. Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15, huangusha kichwa kifuani tena na tena kama anayesinzia, hasa anapoona chakula au anapohisi baridi, na taratibu hudhoofika mwili na akili. Huo ni aina ya kifafa na unahitaji dawa za kifafa.

Ya pili ni korea ya Sydenham, na katika orodha hii yote ndiyo ambayo ningependa kila mzazi na kila mwalimu aijue. Wiki au miezi kadhaa baada ya mtoto kuugua koo kutokana na bakteria aina ya streptokoka, kinga ya mwili huweza kugeuka na kushambulia viungo, moyo na ubongo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, ambayo bado ni chanzo kikubwa cha ugonjwa wa moyo kwa vijana wa nchi zetu. Ubongo ukiguswa, mtoto huanza kuchezacheza: vidole vinatembea, mabega yanajinyonga, uso unabadilika, mwandiko uliokuwa safi unaharibika ndani ya wiki mbili, kikombe cha chai kinamponyoka, na analia au kucheka bila sababu. Tofauti na tiki ni kwamba mijongeo hii haijirudii kwa umbo lilelile. Inatiririka kutoka kiungo kimoja kwenda kingine, na mtoto hawezi kuizuia hata kwa sekunde chache. Ukimwomba akubane kidole chako kwa mkono, utahisi nguvu yake ikikaza na kulegea. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, apimwe moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na aanzishwe sindano za penisilini za kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili maradhi yasijirudie na kuharibu valvu za moyo.

Ya tatu ni mijongeo ya mpangilio, kama kupungapunga mikono au kuyumba mbele na nyuma. Hii huanza mapema, mara nyingi kabla ya umri wa miaka mitatu, ina mapigo yanayolingana, haibadiliki kwa miaka, na mtoto huonekana kuifurahia. Huonekana kwa watoto wengi wenye usonji, ingawa wapo wasio na usonji wanaoifanya pia.

Ya nne ni athari ya dawa. Mtoto aliyepewa metoklopramidi kwa ajili ya kutapika, au haloperidoli, akakakamaa shingo upande mmoja na macho yakapanda juu ndani ya saa au siku chache, hajapandwa na kitu. Amepata athari ya dawa ambayo sindano moja sahihi huiondoa haraka.

Mwisho ni mijongeo inayofanana sana na tiki lakini isiyofuata njia yake. Wakati wa janga la UVIKO-19, kliniki za Uingereza, Ujerumani, Kanada, Marekani na Australia zilipokea vijana wengi, hasa wasichana waliokwishabalehe, walioanza ghafla, ndani ya saa au siku, kupiga kelele za maneno marefu na kujipiga, mara nyingi kwa namna zinazofanana na zilizokuwa zikisambaa katika video mitandaoni. Vijana hao hawakuwa wakiigiza. Msongo wao ulikuwa wa kweli, ila tiba yao huelekezwa kwenye msongo huo, na dawa za tiki haziwasaidii.

Ni vipimo gani vinahitajika?

Mara nyingi hakuna hata kimoja. Tiki hutambuliwa kwa maelezo mazuri na uchunguzi wa mwili. Kipimo cha umeme wa ubongo kina maana daktari akishuku kifafa, na picha ya ubongo ina maana akikuta dalili nyingine za neva. Kwa kuwa mtoto huenda akatulia kabisa mbele ya daktari, mzazi amrekodi kwa simu nyumbani kwa dakika moja au mbili, akiwa mchezoni na pasipo kumshtua. Video hiyo humsaidia daktari kuliko vipimo vingi vya kulipia. Anzia kwa daktari wa watoto aliye karibu, naye akiona haja atatoa rufaa kwa hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta.

Mbona daktari aliuliza zaidi kuhusu masomo, usingizi na kunawa mikono kuliko kuhusu tiki zenyewe?

Kwa sababu anajua kazi yake. Katika Tourette, mara nyingi tiki si mzigo mkubwa kuliko yote. Mzigo huwa katika hali zinazofuatana nazo. Nusu au zaidi ya watoto hao wana tatizo la kukosa umakini na utukutu uliopita kiasi: wanasahau sweta, wanaruka maswali katika mtihani, wanajibu kabla ya kuulizwa. Wengi pia wana mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Mtoto atarudi kugusa mlango kwa mkono wa kushoto kwa kuwa aliugusa kwa wa kulia na “haujasawazika”. Atafuta neno na kuliandika upya hadi karatasi itoboke. Na katika familia za Kiislamu huenda akarudia udhu mara nne akihofu kwamba tone halikufika kisiginoni, jambo ambalo wazee wa pwani wamelijua siku nyingi kwa jina la wasiwasi. Wengine wana hofu, hasira za kulipuka, au usingizi mbovu.

Mzazi anapoulizwa nini kinamsumbua mtoto, ajaribu kutofautisha kinachomsumbua mtoto na kinachowasumbua wageni waliokuja Jumapili. Tiki inayoonekana sana lakini mtoto hana habari nayo inaweza kusubiri. Kusoma kunakoshindikana hakuwezi.

Je, tumkumbushe aache?

Msimkumbushe. Mezani, baba anaposema “macho!” kwa mara ya sita tangu ugali uwekwe, mtoto huyafumba mara ya saba, kwa maana kutajwa kwa tiki huiamsha. Kumuahidi zawadi akikaa siku nzima bila tiki ni kumwekea mtihani wa kushindwa. Mtoto mwenyewe aelezwe kwa lugha nyepesi kwamba ubongo wake hutuma ujumbe ambao hakuuomba, kwamba wapo watoto wengi wa aina yake, na kwamba hakuna aliyemkosea. Ndugu zake waelezwe hivyohivyo, na shangazi mwenye kuuliza kila akija pia aelezwe, mtoto akiwa hayupo.

Shuleni tufanye nini?

Mzazi azungumze na mwalimu wa darasa mapema, ikiwezekana akiwa na barua ya daktari, kabla mwalimu hajajenga maelezo yake mwenyewe. Mambo ya kuomba ni madogo: mtoto akae pembeni mahali ambapo si wote wanaomtazama, aruhusiwe kutoka dakika mbili tatu bila kuomba kwa sauti, apewe muda wa ziada katika mtihani, na tiki ipuuzwe kama chafya inavyopuuzwa. Mwanafunzi mwenye tiki ya sauti afanyie mtihani chumba cha pembeni, kwa faida yake na ya wenzake.

Kuhusu adhabu, Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini kuguna kusikokusudiwa si kosa la nidhamu kwa kipimo chochote, na barua ya daktari iliyo katika faili la mwanafunzi humpa mwalimu mkuu sababu ya kukataa kutoa idhini hiyo.

Sukari, televisheni na michezo ya simu huleta tiki?

Havisababishi. Ikiwa mtoto huchezea simu hadi saa sita usiku, kinachomzidishia tiki kesho yake huenda ni kukosa usingizi.

Kuna tiba gani?

Kwa tiki nyepesi zisizomuumiza mtoto, tiba ni maelezo sahihi kwa familia na shule, na kusubiri huku mkimfuatilia. Hili huwakatisha tamaa wazazi waliosafiri mbali wakitarajia dawa, lakini daktari anayewarudisha bila dawa huenda amewatendea mema.

Tiki zikiuma, zikimjeruhi au zikimkwamisha, tiba ya kwanza ni mafunzo ya tabia. Mtoto hufundishwa kuutambua ule msukumo unaotangulia, kisha kufanya jambo lisiloweza kwenda pamoja na tiki hadi msukumo upungue, yapata dakika moja. Anayesafisha koo hufunga mdomo na kuvuta pumzi polepole kwa pua. Anayerusha bega hubana kiwiko taratibu kwenye ubavu. Anayefumba macho kwa nguvu huyapepesa kwa hiari, polepole, akitazama mahali pamoja. Familia nayo hujifunza kuondoa yale yanayoizidisha tiki, kama kumkodolea macho au kumwondolea kazi ya nyumbani kila inapotokea. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 kwa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, asilimia 52.5 ya waliopata mafunzo hayo kwa vikao vinane walipata nafuu ya kuonekana, ikilinganishwa na asilimia 18.5 ya waliopewa elimu na ushauri tu. Wataalamu waliofunzwa njia hii bado ni wachache kwetu, lakini mwanasaikolojia tiba aliyezoea kufanya kazi na watoto anaweza kuijifunza, na vikao vinaweza kufanyika kwa njia ya video.

Dawa huja baadaye. Klonidini hutumika sana mwanzoni, hasa kwa mtoto mwenye utukutu pia. Humletea usingizi na hushusha shinikizo la damu. Risperidoni na aripiprazoli zina nguvu zaidi, ila huongeza uzito, na mtoto apimwe uzito kila anaporudi kliniki. Haloperidoli ni ya zamani na ni nafuu kwa bei, lakini athari zake kwa misuli ndizo zile zilizotajwa hapo juu. Dawa hizi hupunguza tiki. Haziziondoi zote, na lengo halipaswi kuwa hilo.

Wazazi huuliza pia kama dawa za umakini, kama methilifenidati, zitazidisha tiki. Utafiti mmoja wa mwaka 2002 kwa watoto 136 wenye tiki na tatizo la umakini pamoja ulikuta kwamba walioona tiki zikizidi walikuwa asilimia 20 kwa methilifenidati na asilimia 22 kwa vidonge visivyo na dawa, yaani hakuna tofauti ya maana.

Zitaisha lini?

Kwa wengi tiki hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua ujana unapoendelea, na wengi wakifikia utu uzima hubaki na chache au hawabaki nazo kabisa. Wapo wanaobaki nazo, na hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka saba yeye yuko kundi gani. Kilele hicho, kwa bahati mbaya, hukutana na miaka ya mitihani ya mwisho ya shule ya msingi. Ni vyema familia ijue hivyo mapema ili isishtuke.

Tiki zimetulia tangu aanze dawa. Tunaweza kuiacha?

Mwulizeni daktari, wala msiiache kwa siku moja. Klonidini ikikatizwa ghafla, shinikizo la damu huweza kupanda kwa kasi, na dawa nyingine katika kundi hili nazo hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Chagueni likizo ndefu, si wiki ya mitihani, na mwandike katika daftari tarehe ya kila punguzo pamoja na tiki mlizoziona wiki hiyo, kwa sababu zikiongezeka daktari atahitaji kujua kama ni dawa iliyopungua au ni msimu wake tu.